Mpini wa Mpasua Kuni

"Huyu mtu ana mkono mrefu," Kabari alisema, akiivuta kamba ikanyooka kati ya vidole vyake. "Mrefu kweli."

"Ni wa kawaida tu," mkewe akajibu. Alisimama mlangoni mwa karakana, kikapu mkononi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu aliyepita kuuliza saa.

Kamba ilikuwa ya katani, ncha yake moja imetafunwa, yenye mafundo matatu. La kwanza la kwapani, la pili la kiwiko, la tatu la mahali ngumi inapokunjwa. Pamoja na kamba alikuwa ameleta karatasi ya kufungia mikate, na juu yake kiganja kimechorwa kwa penseli, vidole vitano vimetanuliwa. Hivyo ndivyo Kabari alivyowapima wateja wake kwa miaka ishirini na saba: kamba, kiganja, kisha swali moja, unapasua nini? Mpini wa dukani unamfaa kila mtu, alizoea kusema, ndiyo maana haumfai mtu. Wa kwake ulikuwa wa mtu mmoja. Mwingine akiuazima, jioni anarudi na malengelenge.

"Nani kampima?"

"Mimi. Nani mwingine anajua?"

"Wewe mwenyewe."

"Baba watoto, nimekaa na wewe miaka yote hii nishindwe kupima mkono? Ni mpasua kuni wetu pale kwa mwoka mikate. Mpini uliopo ni mnene, ulikuwa wa yule wa zamani aliyeacha kazi. Unachubua. Na tanuri halingoji mtu aende kwa fundi arudi. Nikasema, mimi fundi ninaye nyumbani." Akatoa kikapuni chuma cha shoka, kizito, kimeanza kushika kutu pembeni, akakiweka juu ya meza. "Hiki ni cha akiba. Kifunge kabisa."

"Anapasua nini?"

"Mikaratusi. Magogo mengine mabichi, mengine yana mafundo mpaka unajuta kuzaliwa."

Akacheka, kisha akaondoka, na Kabari akamsikia akiimba kwa pua mpaka kwenye kona. Zamani mkewe hakuwa mtu wa kuimba njiani.

Jina la Kabari alipewa na mtaa. Kabari ni kile kijiti kinachogongwa juu ya mpini ili chuma kisichomoke, na yeye alikuwa mfupi, mpana, na akishaingia kwenye maneno ya watu hakuna wa kumng'oa. Siku hiyo, hata hivyo, fundi viatu wa chumba cha pili alipita mara mbili kumchokoza asipate jibu. Kabari alikuwa amekaa juu ya gogo lake, kamba imelala mapajani, anafikiria jinsi watu wanavyopimwa.

Alijua vizuri mno. Huwezi kumpima mtu kwa mbali. Unamwambia anyanyue mkono. Unaingiza kidole gumba kwapani, unakibana pale, unaiteremsha kamba polepole juu ya misuli, unamnyoosha kiwiko kwa kiganja chako. Unamshika kifundo cha mkono. Ukija kwenye karatasi unaulaza mkono wake, unaubana kwa mkono wako ili usicheze, halafu unapitisha penseli kati ya kidole na kidole, taratibu, na yeye anakucheka kwa sababu inatekenya. Wote hutekenywa. Kabari alikuwa amewapima wachoma mkaa, wachinjaji, walinzi, mamia ya wanaume, na hata siku moja hakuwahi kuona kwamba kazi ile ina ubaya. Leo aliuona wote.

Na si kamba peke yake. Miezi mitatu mkewe alikuwa akifanya kazi kwa mwoka mikate, kupanga mikate kwenye trei, kwa maneno yake mwenyewe, tangu mipini ya plastiki ya manjano ilipojaa madukani na karakana ikawa inaona mteja kwa nadra. Mtu anayepanga mikate hunuka unga. Mkewe alirudi akinuka mkaratusi. Pua ya Kabari haikuwa ya kudanganywa katika mambo ya miti. Ungemfunga kitambaa machoni angekuambia mti gani na umekatwa lini. Huu ulikuwa mkaratusi mbichi, wa leo leo, nao ulikuwa kwenye nywele. Tena alikuwa amenunua mafuta ya kujipaka mikononi, yeye ambaye miaka yote alijipaka chochote kilichobaki kwenye kopo. Alikula kama mchimba mtaro. Alinenepa mabega. Juzi, wakiwa mezani, Kabari alijaribu kumshika mkono, naye akauvuta haraka. "Nimeungua na trei," akasema.

Trei! Mtu mzima anaambiwa trei.

"Shemeji siku hizi amenawiri," fundi viatu alisema alipopita mara ya tatu, sindano mdomoni. "Asubuhi anapita hapa kama anakimbilia harusini. Wewe unamlisha nini?"

"Kashone viatu."

"Nauliza tu, nikamlishe na wa kwangu."

Kabari akafunga mlango. Hakuwahi kuwa mtu wa wivu, au labda hakuwahi kupata sababu, na sasa umri wa miaka hamsini na mbili ulimkuta hana uzoefu wowote wa ugonjwa huo, akaugua kama watu wazima wanavyougua surua, vibaya kuliko mtoto. Aliitandaza ile karatasi mezani. Kiganja kipana. Vidole virefu, kidole gumba kimesimama pembeni kwa kiburi. Aliuchukia mkono ule kama anavyochukiwa mtu mwenye sura. Alimwona mwenyewe: kijana, mrefu, kifua wazi, anaweka shoka chini kila mkewe anapopita na trei.

Juu ya dari palikuwa na vipande viwili vilivyofaa kwa urefu ule. Cha kwanza kilikuwa cha mti mgumu uliokauka kivulini miaka minne. Nyuzi zake zilikwenda moja kwa moja kutoka kichwa hadi mguu, hakuna uliopinda njiani. Hicho alikuwa akikitunza kwa kazi ya heshima. Cha pili kilitoka kwenye mti uleule, lakini karibu na tawi, na pale ambapo shingo ya mpini ingekaa, chini kidogo ya chuma, nyuzi ziligeuka zikatoka ubavuni. Kwa mtu asiyejua, vipande vyote viwili vilikuwa sawa. Kwa fundi, hiki cha pili kilikuwa cha kuchemshia chai.

Mpini wa namna hiyo hauvunjiki siku ya kwanza. Unavumilia wiki, labda mwezi. Halafu siku moja shoka linakuta fundo ndani ya gogo, mpini unakatika mshazari pale shingoni, na chuma kinaruka. Kinakoruka hakuna ajuaye. Kabari alimfahamu mtu mmoja aliyepoteza jicho, na mwingine ambaye goti lake lilipona likiwa limeangalia upande mwingine. Kwa sababu hiyo alikuwa na sheria moja tu katika karakana yake, na aliwahi kumfukuza msaidizi wake mzima mzima kwa kuivunja: nyuzi zikitoka ubavuni, choma.

Akakishika cha kwanza. Akakirudisha. Akateremsha cha pili.

Atashtuka tu, alijiambia. Atajifunza kuacha mikono yake ishikweshikwe. Huenda kisivunjike kabisa. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi wakili, na wakili wa Kabari alikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, anaongea bila kupumua.

Alifanya kazi siku mbili. Kwa tezo aliondoa nyama iliyozidi, akakibana kipande kwenye jiliwa, akaanza kukipunguza kwa kisu cha mikono miwili, akivuta kuelekea kifuani, na maganda membamba yakamwagika juu ya miguu yake. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipompata. Alikuwa amekusudia kutengeneza kitu kibaya, lakini mikono ilikataa. Ubaya ulikuwa tayari umo ndani ya mti. Mikono haikuwa na la kuongeza. Ilijipimia yenyewe pale kwenye karatasi, ikarudi kwenye mti, ikapunguza unene mpaka pale ambapo kidole gumba na kidole cha kati, vikiuzunguka mpini, vingeacha nafasi ya ukucha mmoja. Ikatengeneza tumbo dogo chini ili mkono wenye jasho usiteleze. Ikaupinda mgongo kidogo, kwa sababu mtu mwenye mkono mrefu hivi hushusha shoka kwa duara kubwa. Kabari alimjua adui yake kuliko alivyowahi kumjua mteja yeyote. Alijua anachoka wapi, chini ya bega, upande wa kulia, saa za mchana. Akampunguzia uzito hapo.

Akapiga tupa. Akakwangua kwa kipande cha chupa, kisha msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwishoni akachanganya mafuta na masizi kidogo, akaupaka shingoni mpaka ile michirizi iliyotoka ubavuni ikapotea katika weusi. Akaupaka na sehemu nyingine zote, ili shingo isijulikane. Akauingiza mpini kwenye tundu la chuma, akagonga kabari, akanoa makali.

Lilikuwa shoka zuri kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza. Aliliangalia, akaona aibu, na ile aibu ikamwongezea hasira.

Asubuhi ya siku ya tatu mkewe alikuja kulichukua njiani kuelekea kazini. Kabari alikuwa amelifunga kwa gunia.

"Limekwisha?"

"Limekwisha. Kampe mtu wako."

"Mtu wangu!" Akacheka, akaweka kikapu chini, akalifungua gunia. "Jamani," akasema polepole. "Jamani, baba watoto."

Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe. Ukateremka mgongoni mwa mpini, ukapita kwenye mpindo, ukafika kwenye tumbo la chini, ukafunga. Mkono wa kushoto ukashika chini ya chuma. Akainyanyua silaha ile kidogo, kiasi cha shubiri, kama mtu anayemnyanyua mtoto kujua amekua kiasi gani.

Kwa miaka ishirini na saba Kabari alikuwa ameitazama mikono ya watu ikikutana na mipini. Kuna mikono inayoshika, na kuna mikono inayofika nyumbani. Hii haikosewi, kama usivyokosea sauti ya mtoto wako kwenye umati. Alikitazama kidole gumba cha mkewe na kidole chake cha kati. Baina yavyo palikuwa na nafasi ya ukucha mmoja.

Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa vyote kwa pamoja: nywele, mafuta, mabega, trei. Alielewa hata kamba, kwa nini ncha yake moja ilikuwa imetafunwa. Mtu anayejipima peke yake atashika kwa meno. Mkono ule alikuwa ameutazama siku mbili akiuchukia, na kabla ya hapo alikuwa amelala karibu nao miaka ishirini na minne. Alikuwa amepima mikono ya mtaa mzima. Huu hakuwahi kuupima.

"Ni wewe," alisema.

Mkewe akaacha kutabasamu. Akalishusha shoka lakini hakuliachia. "Nilitaka kukuambia likishakuwa tayari. Nikajua ukishalitengeneza hutaweza kukataa. Yule wa zamani alipoondoka, mwoka mikate alikosa mtu. Nikajaribu siku moja, mbili. Naweza. Tena naweza kuliko yeye."

"Kwa nini unifiche?"

"Kwa nini? Siku ile yule mama muuza kuni alipokuja kutaka mpini, ulimwambia nini mbele ya watu? Mwanamke akishika shoka, ujue mume wake ni wa kuazima. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa, na sinia la chai." Hakusema kwa ukali. Alikuwa bado anaupapasa mpini kwa kidole gumba. "Sasa yamekwisha. Umeniheshimu bila kujua. Nachelewa."

Akainama kuchukua kikapu. Kabari angeweza kumwacha aende, kisha jioni atafute sababu, aseme anataka kuongeza mafuta, abadilishe mpini kimyakimya. Wakili aliyekuwa kichwani mwake alimshauri hivyo hasa. Lakini mchana ulikuwa na magogo mangapi? Na fundo lilikuwa katika lipi?

"Nipe hilo shoka."

"La nini tena?"

"Lina kasoro."

Mkewe akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. "Sioni."

"Ipo shingoni. Nipe."

"Kama ipo, umeijua lini?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na angeweza kujibu sasa hivi, nimeigundua sasa hivi. Kabari aliufungua mdomo aseme hivyo, akaona mkono ule umefunga juu ya kazi yake, umestarehe. Uongo ukamkwama.

"Kabla sijaanza," alisema.

Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli, akaacha, akagonga tena. Mkewe akampa shoka. Kabari akalibana kwenye jiliwa kwa upande wa chuma, akashika mpini kwa mikono miwili, akauegemea. Haukupiga kelele nyingi. Ulikatika mshazari, ufa mrefu mweupe ukaonekana chini ya masizi, umechongoka kama kisu cha kuchinjia.

Mwanamke yule alikuwa amefagia maganda ya karakana ile nusu ya maisha yake. Hakuhitaji kuelezwa nyuzi. Aliutazama ufa, akayatazama masizi yaliyofunika shingo, akautazama ule usafi wote wa kazi.

"Ulidhani ni nani?"

"Mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Sijui. Mwanamume tu. Kijana."

"Ukataka chuma kimrukie."

"Roho iliniuma."

"Roho ilikuuma." Akalirudia neno hilo kama anayelionja. "Na huyo kijana akipasua kuni, mimi ambaye kwa mawazo yako siachi kumzunguka, ningekuwa nimesimama wapi? Chuma kingenipita kwa sababu mimi ni mke wa fundi?"

Kabari hakuwa amefika huko. Katika siku mbili za kuwaza, hakuwa amefika huko. Mkewe akauona usoni mwake huo ukweli, na huo ndio uliomuuma kuliko mengine. Akachukua kikapu, akaenda. Safari hii hakuimba.

Kabari akatoka bila kufunga mlango, akamfuata.

"Karakana umeiacha wazi!" fundi viatu akampigia kelele. Hakugeuka.

Alitembea nyuma yake kwa umbali wa nyumba sita, saba, asiweze kumfikia wala kurudi. Aliona jinsi watu wanavyomsalimia mkewe. Mwenye duka la misumari akampungia. Mwanamke anayefua nguo barazani akamwuliza jambo, akajibu, wakacheka wote wawili, ingawa kicheko chake kilikuwa kifupi. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Kila mtu alikuwa amemwona akipita na nguo za kazi, akirudi na vibanzi kichwani, na wote walikuwa wamepata kitu ambacho yeye hakupata. Kabari alikuwa amedhani wivu ungekwisha atakapojua kuwa hakuna mwanamume. Haukwisha. Sasa ulikuwa na watu wengi zaidi wa kuwaonea.

Uani kwa mwoka mikate palikuwa na lundo la magogo lililofika kimo cha mtu. Mkewe alikuwa ameshavaa viatu vizito na kufunga kiuno. Lile shoka la zamani, lenye mpini mnene uliozungushiwa waya, alikuwa amelinyanyua, na Kabari, amesimama langoni, aliona kwa mara ya kwanza jinsi mkewe anavyopasua kuni. Hakutumia nguvu. Aliliacha shoka lipande, likazunguka kwa duara kubwa, na mwishoni kabisa akatia kiuno. Pa! Gogo likafunguka.

"Radi!" mchochea moto akaita kutoka kwenye mlango wa tanuri, mwanamume mzee mwenye nyusi zilizoungua. "Radi, hilo la pembeni ndilo baya, nimekuwekea wewe!"

"Nimeliona!"

Radi. Walikuwa na jina la kumwita. Pale langoni Kabari alilishika jina hilo kichwani mwake, akalizungusha, likamchoma. Hakuwahi kulisikia, na lilimfaa mkewe barabara, na si yeye aliyempa.

Mkewe akamwona. Hakushangaa, hakumkaribisha. Akalisukuma gogo jipya kwa mguu, akaliweka sawa.

"Una mgeni, Radi," mchochea moto akasema, akijifuta mikono. "Nani huyu?"

Alimtazama mumewe. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Fundi wa mipini," akasema.

"Ahaa! Ndiye huyu mwenyewe?" Mzee akamjia Kabari mikono miwili imenyooshwa. "Karibu, fundi, karibu! Tumechoka kukusikia. Kila siku, fundi wangu hivi, fundi wangu vile, fundi wangu akikutengenezea mpini unazaliwa upya. Haya, uko wapi basi? Tuuone!"

Mkono wa Kabari ulikuwa ndani ya mikono ya yule mzee, bado unatikiswa.

"Hajanipima bado," mkewe akasema.

Akalinyanyua shoka la zamani. Likaenda juu, likazunguka, likashuka. Gogo likapasuka katikati, nusu moja ikaanguka pale pale na nyingine ikabiringika juu ya vibanzi mpaka miguuni mwa Kabari. Aliitazama, nyeupe, mbichi, ikitoa maji pembeni, asijue kama ana ruhusa ya kuiokota.